"Pick you up" au "pick up you"?

Mvushaji wa Shela: Assalamu alaykum. Wageni wanaoshuka katika uwanja wa ndege wa Manda tunawavusha kwa mashua, na ujumbe wote tunawaandikia kwa Kiingereza. Je, lililo sahihi ni "pick you up" au "pick up you"? Na mbona "look after you" haitenganishwi? Aidha, kusi ikichafua bahari, naweza kutumia "put off" na "call off" bila kubagua?

Mwalimu, Malindi: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Andika "pick you up". Katika vitenzi vinavyotenganika, yaani vya maneno mawili yanayoweza kuachanishwa kama "pick up", kiwakilishi kama "you", "it" au "them" sharti kikae katikati. Nomino ina uhuru zaidi, kwa hiyo "pick up the bags" na "pick the bags up" zote ni sahihi, ila maelezo ya mizigo yakiwa marefu ni bora yaje mwisho, ili msomaji asisubiri mno kulifikia "up". "Look after" ni ya kundi lisilotenganika, pamoja na "look for" na "run into". Kwa kuwa umbo la nje halikuonyeshi kundi, jifunze kila kitenzi pamoja na "it" yake: "pick it up", "look after it".

Nahodha, Lamu: Swali la mwisho ndilo lenye hasara. "Put off" ni kuahirisha. "Call off" ni kufuta kabisa, na mgeni akiisoma hiyo atadai arudishiwe pesa zake ilhali wewe ulikusudia kusafiri kesho pepo zikitulia. Itaje na siku: "We have put the trip off until Thursday." Tena usiandike "put you off", kwani mgeni anaweza kudhani unasema umemchukiza.

Karani, Mokowe: Naafiki, lakini barua ya ofisini iandikwe "postpone" na "cancel". Kiingereza kilipokea maneno mengi ya asili ya Kilatini na Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na hadi leo ndiyo yenye sura rasmi. Kwa ujumbe wa simu, vitenzi hivi vya maneno mawili ndivyo vinavyofaa, wala si utovu wa adabu.

Mvushaji wa Shela: Ahsanteni sana. Basi nitaandika: "We will pick you up at the Manda jetty and drop you off in Shela." Je, "drop off" hufuata kanuni ileile?

Mwalimu, Malindi: Naam, hutenganika vilevile. Sentensi yako ni sahihi, itume.