Tupeane uzoefu: Mtoto anaelewa Kihispania vizuri, ila kujibu ni Kiingereza tu

mama_wawili_TX
Wadau, hamjambo. Mimi ni Mkenya, mume wangu ni mtu wa Monterrey, Meksiko, na tunaishi Houston. Kifungua mimba wetu anakaribia miaka minne. Tangu azaliwe, baba yake na nyanya yake humsemesha Kihispania, mimi Kiingereza, na mambo yalikuwa yanaenda. Mwaka huu ameanza chekechea na lugha ya baba imegoma. Akiambiwa "ponte los zapatos" anaenda kuvaa viatu, kwa hiyo anaelewa, lakini akifungua mdomo ni Kiingereza. Nyanya naye Kiingereza chake kinaishia kwenye "okay", basi siku hizi wawili hao wanaelewana kwa kunyoosheana vidole. Waliopitia haya, mlifanyaje? Naomba mliyoyaona kwa macho yenu, ya kwenye mitandao nimeshayasoma.

mzee_wa_roli
Aisee, mbona Kiswahili hukitaji? Mtoto wa Mkenya!

mama_wawili_TX
Nilijua swali hilo litakuja. Kiswahili shangazi zake wanakishughulikia. Leo nisaidieni hili la nyanya, kaka.

mzee_wa_roli
Haya dada, nimekupata. Mke wangu ni wa San Miguel, El Salvador, sisi tuko San Antonio. Mtoto wetu wa pili alifanya hivyohivyo alipoingia shule. Mama yake akawa mkali, "¡en español!" kila dakika, ikawa mtoto akimwona mama anakuja anakaa kimya. Waliomrudisha ni binamu zake. Likizo ndefu tulimpeleka kwa bibi yake kule San Miguel, ambako watoto wa mtaa wanacheza mpira toka asubuhi mpaka giza na hakuna anayejua Kiingereza. Mtoto mwenzake hamsubiri atafute neno. Ukitaka pasi utaiomba kwa lugha yao. Aliporudi alikuwa anamfokea mdogo wake kwa "vos" (yaani "wewe") kama watu wa kule, mama yake akacheka mpaka machozi. Najua nauli si mchezo na si kila mtu ana karatasi za kusafiria, lakini ninyi mko Houston. Mtakosa kweli mtoto wa Kimeksiko wa kucheza naye Jumamosi?

mwalimu_wa_LA
Nafundisha darasa la kwanza kwenye programu ya lugha mbili, Los Angeles, na nyumbani kwangu pia ni Kihispania na Kiingereza (mume ni wa Oaxaca, Meksiko). Mnivumilie, nitaandika kirefu.

Huo ukali mzee_wa_roli aliousema, uacheni. Mtoto akisema "I want milk", baba ajibu palepale, "¿Quieres leche? ¿Fría o tibia?" (unataka maziwa? baridi au vuguvugu?), halafu asubiri, pakiti ya maziwa ikiwa mkononi. Swali la kuchagua halijibiki kwa "yes". Atasema "fría", maana neno ameshapewa na maziwa anayataka. Ataanza na neno mojamoja, sentensi zitafuata. Na atakosea. Wangu alikuwa anasema "está rompido" badala ya "está roto" (kimevunjika), na "yo sabo" badala ya "yo sé" (najua). Msikilaumu Kiingereza kwa hayo, hata watoto wa Meksiko wasiojua lugha nyingine husema hivyo wakiwa wadogo. Mwitikie tu, "ay, sí, está roto", maongezi yaendelee.

Kwenye kusoma sisi Waswahili tumependelewa. Irabu zao ni hizihizi zetu tano, na mtoto anaanza na ma-me-mi-mo-mu. Kwa hiyo mama_wawili, hata wewe unaweza kumsomea kitabu cha Kihispania usiku. Ñ ni ny yetu, ll wengi huitamka y, qu ni k, j ni karibu na kh ya Khamis, na h iliyo peke yake haitamkwi. Mimi nilianza kusoma kabla sijaelewa ninachokisoma, mtoto ananisahihisha matamshi. Ndipo alipoanza kusema sana, maana mtoto akigundua kuna jambo analijua kuliko mama, hakuachi upumue.

Halafu shule. Programu za 90/10 zinaanza chekechea kwa asilimia 90 ya masomo kwa Kihispania, kinapungua mwaka hadi mwaka mpaka lugha ziwe nusu kwa nusu. Wazazi huogopa Kiingereza kitabaki nyuma. Kwa Marekani hii? Kiingereza kipo dukani, kwenye basi, kwenye tableti, hakihitaji mtetezi. Sisi huku California tulibanwa na Pendekezo namba 227 la mwaka 1998 (sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi), shule zikatakiwa kufundisha karibu kila kitu kwa Kiingereza, mpaka wapigakura walipolifuta 2016. Wazazi wengi wanaoniletea watoto leo walisoma katika miaka hiyo. Bibi zao wakiwasemesha Kihispania wanaelewa, kuwajibu hawawezi.

mama_mdogo_AZ
Naongezea kwa wenye watoto wanaochelewa kusema. Wangu (baba yake ni wa Sonora, Meksiko) alivuka miaka miwili akiwa na maneno machache, na mlezi wa kituo alichokuwa anashinda akatwambia tuache Kihispania, eti tunamchanganya. Tulikataa. Lugha mbili hazimletei mtoto tatizo la usemi, na mwenye tatizo atakuwa nalo hata kwa lugha moja. Tukaomba apimwe. Sheria ya shirikisho inayoitwa IDEA, ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inawahusu pia walio chini ya miaka mitatu, na inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana. Akaja mtaalamu anayejua lugha zote mbili, akagawa karatasi safu mbili. Huku agua, pan, más, gato. Huku ball, shoe, up. Akajumlisha zote. Mlezi alikuwa anahesabu safu moja tu! Kweli alikuwa nyuma kidogo, akapewa mazoezi kwa lugha zote mbili. Leo kazi ni kumnyamazisha.

binti_mvita
Mimi niko Madrid, kwangu ni kinyume. Kihispania kinajilea chenyewe, kinachokufa ni Kiingereza. Shule nyingi za serikali mkoa huu zina programu ya lugha mbili tangu 2004, lakini Kiingereza cha darasani ni cha kutaja sehemu za mmea, huwezi kuombea msamaha nacho. Halafu katuni huku hutiwa sauti za Kihispania. Nilipogundua kwenye rimoti unaweza kuchagua sauti asilia nikaweka sheria: katuni kwa sauti asilia, au hakuna katuni. Anayelalamika ni baba.

Tena watoto wa huku huwaandikia barua Wafalme Watatu wawaletee zawadi tarehe 6 Januari. Wangu nimemwambia Baltasar, mmoja wao, ni mtu wa pwani, amesomea Mombasa, barua yake iandikwe Kiingereza. Anaandika mwenyewe, na kwa adabu.

mama_mdogo_AZ
😂😂 Baltasar wa Mombasa!

asiye_na_presha
Mimi niwe tofauti. Wangu alikataa akiwa na miaka mitano, tukamwacha. Mama yake, mtu wa Puerto Rico, akaendelea kumsemesha Kihispania na yeye kujibu Kiingereza, miaka nenda rudi. Alipofika sekondari akapata kibarua kwenye mgahawa wa "tacos" (chapati za Kimeksiko), wapishi wote Wameksiko, Kihispania kikafumuka chenyewe. Msijitese.

mwalimu_wa_LA
Kilifumuka kwa sababu mama yake hakunyamaza, kaka. Na kuandika je?

asiye_na_presha
Hapo umenishika. Anaandika kama anavyosikia.

shemeji_wa_Jalisco
Mama_wawili, mmewahi kucheza lotería na huyo nyanya? Ni mchezo wa kadi 54 za picha. Msomaji anafunua moja na kuitaja, wewe ukiwa nayo kwenye ubao wako unaifunika kwa punje ya harage. Kwetu anayetaka kuwa msomaji lazima ataje kwa Kihispania, na watoto wote wanautaka usomaji.

mama_wawili_TX
Nimerudi na ripoti. Nyanya kusikia lotería akaenda kutoa ya kwake kabatini, kumbe ipo siku zote! Kijana akadai usomaji. "El gallo" sawa, "la rana" sawa, kisha akasema "the drum". Nyanya akashikilia harage lake hewani, hafuniki, anamtazama tu. Kimya. "¡El tambor!" Ndipo harage likatua. Baba mtu alikuwa jikoni anajifanya anaosha vyombo.

Mwalimu, hiyo shule ya 90/10 naipataje? Hii aliyopo ni Kiingereza kitupu.

mwalimu_wa_LA
Piga simu ofisi ya wilaya yenu ya shule, uliza programu ya lugha mbili ya pande mbili, ile inayochanganya watoto wa Kihispania na wa Kiingereza. Nafasi mara nyingi ni za bahati nasibu, kwa hiyo omba mapema, na uombe aingie mwanzoni. Akishapita darasa la kwanza, shule nyingi zitataka kwanza kumpima Kihispania. Kwenye fomu, panapouliza lugha za nyumbani, msiandike Kiingereza peke yake.