Wimbo wa mwanzo ukirudi mwishoni: muundo ni wa sehemu mbili au tatu?

nusu_toni: Wakuu, naomba kueleweshwa. Nimesoma kwamba muundo wa sehemu mbili ni AB, wa sehemu tatu ni ABA. Sasa nikifungua minueti (dansi ya zamani ya mapigo matatu) nakuta alama za kurudia zinaigawa nusu mbili, lakini ndani ya nusu ya pili wimbo wa mwanzo unarudi. Sikio linasema ABA, karatasi inasema mbili. Nifuate lipi? Na sonata iko kundi gani, maana nayo mwanzo hurudi?

kituo_kamili: Mkuu, anza na kituo (mahali muziki unapotua), suala la wimbo kurudi liache kwanza. Nenda kwenye alama ya kwanza ya kurudia, usome kodi (noti zinazopigwa pamoja) mbili za mwisho kabla yake. Kipande cha C meja kikiwa kimetua G, A imeishia ufunguo wa so (unaojengwa juu ya noti ya tano ya skeli) na bado inadai kurudi do (noti ya kwanza, yaani nyumbani). Deni hilo hulipwa na nusu ya pili, kwa hiyo nusu hizo hazitengani: ni sehemu mbili, hata wimbo wa mwanzo ukirudi. Huo ndio muundo wa sehemu mbili wenye mrejeo. Katika maina, A mara nyingi hutua kwenye meja jirani, kwa mfano kipande cha A maina kwenda C meja.

Sehemu tatu ni pale A inapofunga kwenye do yake, B ikawa na ufunguo na wimbo wake, kisha A ikarudi nzima. Jaribio: piga A peke yake, simama. Imekwisha au inaning'inia?

Jaribio hili halitoshi pale A inapofunga kwenye do lakini B ni baa (vipimo vya mapigo) 8 tu zinazozunguka juu ya kodi ya so. B ya namna hiyo haisimami yenyewe, na mimi huihesabu sehemu mbili. Wapo wanaoiita tatu. Taja sababu yako tu.

Kwenye minueti wengi huchanganya ngazi. Minueti, trio (kipande cha katikati), minueti tena: kwa nje ni sehemu tatu. Ukiingia ndani, minueti yenyewe kwa kawaida ni sehemu mbili, na trio vilevile. Andika herufi kubwa kwa nje na ndogo kwa ndani, hazitagongana.

so_kwenda_do: Naongezea sonata. Ilikua kutokana na hizo sehemu mbili zenye mrejeo, ndiyo maana sonata nyingi za zamani zina alama za kurudia nusu zote mbili. Wazo la kwanza liko do, daraja (kifungu cha kuunganisha) linahama ufunguo, wazo la pili linasikika so. Kisha mawazo yanakatwakatwa na kupitishwa funguo mbalimbali, halafu yote yanarejea. Usikimbilie wazo la kwanza, kamata la pili: mwanzoni lilikuwa so, likirejea limehamia do? Hiyo ni sonata.

Chukua sonata ya piano ya Mozart K. 545 (namba yake katika orodha ya kazi zake; 1788), mwendo wa kwanza. Wazo la kwanza linarejea katika F, si C. Anayesubiri C ndipo aandike "marejeo" atapita mahali penyewe. Wazo la pili ndilo linalothibitisha: lilikuwa G, sasa ni C.

beti_kwa_beti: Kwa nyimbo za kuimba, hesabu baa kabla ya kugawa herufi. Baa 32 zilizogawanyika nane nane mara nne ni AABA. Hapo B ni daraja (kifungu cha kutofautisha), si kiitikio, kwa sababu uzito na mara nyingi jina la wimbo viko ndani ya A. Bluzi ya baa 12 ni mzunguko mmoja: 4 za kodi ya do, 2 za fa (noti ya nne), 2 za do, 1 ya so, 1 ya fa, 2 za do. Mzunguko huo ukirudiwa kwa kila ubeti, kote ni A. Herufi mpya haiji kwa sababu maneno yamebadilika.

nusu_toni: Nimeelewa, asanteni sana. Na ABACABA? Ni rondo (A inayorudi baada ya kila kifungu kipya) au sonata?

so_kwenda_do: Angalia B mbili. Ya kwanza ikiwa so na ya pili do, ni rondo ya sonata. Zikibaki zote ufunguo uleule usio do, ni rondo ya kawaida iliyorefushwa.