Mlima au ubao? Gumzo la kundi la familia

[20:07] Dada Rehema: Shikamooni wakubwa, habari za jioni wengine. Daktari kasema presha iko mpakani, nitafute mazoezi ya kudumu, siyo yale ya Januari. Ofisini makundi mawili yananivuta. Moja linapanda vilima vya Pugu kila Jumamosi. La pili liko Msasani, wanasimama juu ya ubao baharini na kupiga kasia. Gym sitaki hata kuisikia. Niende wapi?

[20:08] Zawadi: Ubao mamdogo!!! Picha zake zinavyotoka 😍

[20:08] Shangazi Mwajuma: Picha ndiyo zinashusha presha?

[20:09] Zawadi: 😂😂 shangazi jamani

[20:11] Kaka Hamisi (Moro): Mlima, wala usijiulize mara mbili. Viatu vyenye meno unapata Karume vya mtumba, maji lita mbili, kofia, umemaliza. Ukizoea Pugu unapanda SGR, safari ya kama saa mbili tu upo Kihonda, nakupokea tunapandisha Morning Side, huku milima ya Uluguru. Juu kule kuna nyumba ya Wajerumani, hewa baridi, njiani wanauza stroberi.

[20:12] Dada Rehema: Na goti langu la kushoto?

[20:14] Kaka Hamisi (Moro): Goti halilalamiki ukipanda, linalalamika ukishuka. Kata fimbo mbili, au nunua zile za kukunja. Kushuka unaweka fimbo chini kwanza, mguu unafuata, hatua fupi fupi. Ukishuka kwa mbio kama vijana wa hapo kwenye kundi lenu, Jumapili utapanda ngazi za kwako kinyumenyume.

[20:15] Shangazi Mwajuma: Samahani nakatiza. Mchango wa harusi ya Salma unafungwa kesho saa sita mchana. Majina yasiyo na tiki yanajijua.

[20:18] Zawadi: Mi ubao niliujaribu na marafiki. Unaanza kwa kupiga magoti katikati, pale penye mpini wa kubebea, halafu unanyanyuka mguu mmoja mmoja. Usiangalie miguu, angalia mbele. Mwenzenu niliangalia miguu, pwaaa. Na kasia lina upande wake, lile bapa linainamia mbele. Nililishika kinyume saa nzima hakuna aliyeniambia 🙄 Kesho yake nyayo na tumbo vinauma, mikono wala.

[20:19] Dada Rehema: Nyayo?

[20:19] Zawadi: Si unazing'ang'aniza kwenye ubao kwa woga!

[20:26] Mjomba Shaweji: Marahaba Rehema. Nimesoma yote. Kabla ya ubao, unajua kuogelea?

[20:27] Dada Rehema: Naelea mjomba, na mita kama hamsini nafika. Zaidi ya hapo naita watu.

[20:34] Mjomba Shaweji: Sawa, si haba. Sasa nisikilize, maana hao vijana wanatazama jua tu. Ghuba ya Msasani mdomo wake uko kaskazini. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma, hapo ufukweni utaona maji yametulia kwa sababu nchi kavu inakukinga. Ukitoka kidogo tu, upepo unakushika mgongoni na kukupeleka kuelekea kisiwa cha Bongoyo. Kwenda raha, kurudi ndiyo kazi. Na mtu aliyesimama ni tanga. Upepo ukizidi piga magoti, ukishindwa lala kifudifudi upige kwa mikono.

[20:35] Zawadi: Mtu ni tanga 😳

[20:41] Mjomba Shaweji: Jambo la pili ni maji. Wiki ya bamvua, yaani maji yakijaa na kukauka sana, mwezi mpevu au mwandamo, Dar maji yanajaa alfajiri kama saa kumi na yanakauka kama saa nne asubuhi. Nyie mnaingia saa moja, wakati yanatoka kwa nguvu na kuwavuta nje. Mkirudi mnakuta majani na mawe, lile pezi chini ya ubao linagota, unarushwa kichwa mbele, na hapo chini kuna wale wenye miiba mieusi. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume. Asubuhi yanaingia polepole, saa nne yamejaa. Hizo ndizo Jumamosi zako.

[20:43] Dada Rehema: Yaani Jumamosi moja ndiyo, inayofuata siyo?

[20:44] Mjomba Shaweji: Takriban. Tazama mwezi, usitazame simu.

[20:45] Kaka Hamisi (Moro): Basi jibu si hilo hapo. Bamvua Pugu, maji mafu Msasani. Masika njia za msituni zinateleza kama sabuni, utapumzika au utatembea barabarani.

[20:47] Shangazi Mwajuma: Na hela ya yote mawili anayo? Ubao ule bei yake siyo ya mchezo.

[20:49] Dada Rehema: Nakodi kwa saa shangazi, sinunui kitu mpaka nione kama nitadumu. Pugu kiongozi anachukua control number ya kundi, tunamtumia hela. Ila kusema kweli mlima ndio unaonivutia zaidi, tunaongea njia nzima. Kwenye ubao kila mtu na kasia lake. Wanasema Pugu kuna mapango yalikochimbwa udongo mweupe, popo wamejaa.

[20:50] Zawadi: Popo?? Nakuja

[20:52] Mjomba Shaweji: Jumamosi hii mwezi mpevu, nenda Pugu kama Hamisi alivyosema. Siku ukienda majini, jaketi la kuokolea livae, siyo kulifunga kwenye ubao. Na ile kamba ya kufunga mguu kwenye ubao uivae hata maji yawe ya magoti.

[20:53] Dada Rehema: Nimekusikia mjomba, ahsante sana. Zawadi njoo Ijumaa ulale kwangu, tunakutana na wenzangu Gongo la Mboto saa kumi na mbili kamili. Uje na viatu, siyo zile raba nyeupe.