Taa ya LED ya matumbawe: nyeupe nishushe hadi wapi?

Mwambamdogo:
Wakuu, tangi ni lita 200, kina sm 50. Taa ina chaneli nne: urujuani, buluu, nyeupe na nyekundu, zote asilimia 70 kwa saa 12. Tumbawe aina ya Montipora chini limegeuka kahawia, lile la Acropora juu linapauka ncha, na kioo kinashika mwani kila baada ya siku mbili. Nibadilishe taa?

FundiMwanga:
Taa haina kosa. Vimwani vinavyoishi ndani ya tishu za tumbawe hutumia vizuri sana mwanga wa nanomita 400 hadi 480, yaani urujuani na buluu. Nyeupe shusha hadi 15, nyekundu 3. Buluu na urujuani anza na 60, kisha panda asilimia 5 kwa wiki. Ukipandisha kwa mkupuo, hiyo Acropora inaachia vimwani vyake na unabaki na mifupa myeupe. Saa 9 kwa siku zinatosha.

Polipu77:
Asilimia peke yake haisemi kitu, pima PAR (kiasi cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) pale tumbawe lilipokaa. Acropora 200–350, Montipora 150–250, Euphyllia 75–150. Mawimbi ya juu yanachezesha namba, chukua wastani. Na tafadhali, programu ya simu ya kupima luksi weka pembeni: luksi hufuata jicho la binadamu, ambalo huona zaidi kijani, karibu nanomita 555. Chini ya buluu itakuonyesha namba ndogo, utaongeza taa, utaunguza.

Mwambamdogo:
Nikizima nyeupe kabisa, rangi si zitatoka zaidi?

FundiMwanga:
Kijani na chungwa zitang'aa, kwa sababu protini zake hunyonya buluu na kutoa rangi nyingine. Zambarau na waridi za Acropora nyingi haziwaki hivyo, zinarudisha tu mwanga unaozifikia. Chini ya buluu tupu utaziona kama nyeusi. Acha nyeupe saa 4 za katikati ya mchana.

Polipu77:
Hiyo kahawia ni vimwani vimejaa: mwanga hafifu, au lishe nyingi majini. Kabla ya kugusa taa pima naitreti (5–10 ppm, yaani sehemu kwa milioni) na fosfeti (0.03–0.1 ppm). Fosfeti ikisoma sifuri, usipandishe mwanga hata kidogo. Rekebisha lishe kwanza.