Tupeane uzoefu wa virejeshi vya Kiingereza: who, which, whose, that... wewe ulizizoea vipi?

Chaki Nyeupe
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Kila nikisahihisha insha nakutana na hii: "The book which I bought it is lost." Hiyo "it" haikuja bure. Tunasema kitabu nilichokinunua, na ile -ki- ya pili imekaa ndani ya kitenzi, basi mtoto anaihamisha ilivyo. Nawaandikia sentensi ya Kiswahili ubaoni kwanza, tunaipigia mstari -ki-, ndipo nawaambia "which" imeshakibeba kitabu, msikitaje tena. Wanaelewa haraka kuliko nikikariri kanuni. Wenzangu, ninyi je?

Muongoza Wageni
Kwangu shida ilikuwa wanyama. Mtu aliyekuja, mbwa aliyebweka, wote ngeli ya A-WA, kirejeshi ni -ye-. Shuleni tukaambiwa mtu ni "who", mnyama ni "which", basi. Nimeingia kwenye utalii nasikia Waingereza wenyewe: "my dog, who is old". Mnyama wanayemfuga na kumpa jina wanampa "who". Nyumbu wa porini anabaki "which" au "that".

Mama Wawili
Kwetu "whose" ilitoa watu jasho. Mtoto ambaye baba yake amesafiri, darasa zima "the child who his father has travelled". Madamu wetu alitufundisha hivi: kwenye maswali ya kuunganisha sentensi, msake "his", "her" au "their" katika sentensi ya pili, mfute, "whose" ikae mahali pake. "The child whose father has travelled." Nawafundisha wanangu hivyohivyo. Na vitu pia vinaichukua jamani, "a house whose roof leaks" ni sahihi kabisa.

Kalamu Nyekundu
Mimi nahariri ripoti, naomba msisahau koma. "The drivers who were tired stopped": wamesimama waliochoka tu, wengine wameendelea. "The drivers, who were tired, stopped": wote walichoka, wote wamesimama. Kwenye ripoti ya ajali hiyo ni tofauti kubwa sana. Na baada ya koma ya namna hiyo usiweke "that", weka "who" au "which".

Chaki Nyeupe
Kalamu Nyekundu, hiyo ya madereva naipeleka darasani kesho. Aliyewahi kufundisha "whom" wakamwelewa, tafadhali ashushe hapa.