Natafuta tufe kubwa la plazma au namna ya kulitengeneza, niko Mwanza

Mwalimu_Igoma
Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia huku Igoma, naomba msaada wenu. Kuna zile taa za duara za kioo, ukiweka kidole juu mistari ya zambarau inatoka katikati na kukifuata, wengi mmeziona. Ninayo ndogo ya adapta ya volti 12, saizi ya embe dodo, watoto wanaipenda mno ila darasa lina watu zaidi ya 60, wa mbele wanaona, wa nyuma wanasukumana mpaka kipindi kinaisha. Nataka kubwa, kama sentimita 40 hivi. Za kununua bei yake siiwezi kabisa. Nimewaza nitafute chupa kubwa ya duara ya kioo, ninyonye hewa kwa komprasa ya friji halafu niingize gesi ya agoni kutoka kwa mafundi wa kuchomelea. Kuna aliyewahi kufanya? Hawa watoto wamekulia kwenye radi za ziwa, usiku likianza kunguruma kila mtu anajifunika shuka, nataka waione ile ile radi ikiwa imetulia ndani ya kioo waniulize maswali.

fundi_kichogo
Mwalimu shikamoo. Mimi natengeneza redio na tivii hapa mjini miaka mingi, hizo taa nimezichezea sana. Kwanza achana na gesi, anza na balbu. Tafuta balbu kubwa ya zamani ya waya, ya kioo safi sio ile nyeupe ya maziwa, wati 200 au zaidi, wafuga vifaranga walikuwa wanazitumia sana, ndani tayari kuna agoni imechanganywa na naitrojeni kidogo. Zile ndogo za wati 15 au 25 usichukue, nyingi hazina gesi, ni utupu tu, mistari huipati.

Umeme unatoa kwenye flaibeki, ile transfoma ya volti kubwa ndani ya tivii ya kichogo. Hapa ndipo wengi wanakwama, flaibeki za tivii za rangi zina dayodi, kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imefungiwa humo humo kwenye gundi, zinatoa DC, yaani umeme usiogeuka, na kioo hakipitishi DC. Kioo kinafanya kazi kama kapasita, kwa hiyo unahitaji umeme unaogeuka geuka haraka, kilohezi 30 hivi, yaani mara elfu 30 kwa sekunde, na volti elfu kadhaa. Tafuta flaibeki ya tivii ya zamani ya nyeusi na nyeupe isiyo na dayodi ndani, koili ya kuingizia umeme unazungusha wewe mwenyewe waya mara 5 na 5 kwenye chuma chake cheusi, unaendesha na mosfeti mbili, zile transista za kuwasha na kuzima umeme haraka, na hitsinki za maana za kuzipoza, kwa volti 12. Kabla hujagusa tivii yoyote toa chaji kwenye kioo cha picha, ile inakaa na umeme hata kama imechomolewa tangu jana.

Nansio_kwetu
Mwalimu naomba sana hiyo ya kunyonya hewa kwenye chupa uiache. Hebu piga hesabu, tufe la sentimita 40 lina eneo la nusu mita ya mraba. Kule pwani hewa inakandamiza kama tani 10 kila mita ya mraba, sisi huku ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari kwa hiyo ni kama tani 9. Bado hilo tufe linabebeshwa tani 4 na nusu. Chupa ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo ikiwa na mchubuko mdogo tu inaingia ndani kwa mara moja halafu vipande vinarukia watu, na wewe uko na watoto hapo. Wanaotengeneza makubwa wanatumia kioo maalumu, wanakipasha moto wakati wa kunyonya ili unyevu utoke, ndio wanajaza neoni, agoni, zenoni au mchanganyiko. Hewa ikibaki kidogo tu mistari inakuwa hafifu.

Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, alikuwa na hati miliki ya taa ya namna hii tangu 1894, ila hizi za mistari tunazozijua zilianza na Bill Parker akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1971. Sio kazi ya wikiendi moja.

dada_kapripointi
Mimi nilinunua la inchi 8 mtandaoni, likafika na ufa kama unywele karibu na kitako. Nikawasha, siku ya kwanza mistari ipo, baada ya wiki ikawa moja nyembamba, halafu kimya. Muuzaji hakujibu meseji hata moja. Ukinunua omba video likiwa limewashwa siku ya kutuma, na ukilipokea likague kwa tochi. Lingine usiweke sarafu wala chuma juu ya kioo, cheche inakaa sehemu moja, kioo kinapata moto hapo hapo.

Mwalimu_Igoma
Mrejesho wakuu, asanteni sana, chupa nimeiacha. Balbu ya wati 200 nimeipata Makoroboi kwa mzee mmoja, ilikuwa kwenye boksi lina vumbi. Flaibeki kanitafutia fundi_kichogo mwenyewe, Mungu ambariki. Jana usiku umeme wa mtaa ulikatika, giza zuri, nikatumia betri ya pikipiki. Mwanzo ilikuwa sauti tu kama nyuki mbali, kisha kwenye vile vishikio vya waya ndani zikaota nyuzi za zambarau, ncha zake nyeupe, zinapanda polepole zikigusa kioo zinatawanyika kama mizizi ya mpapai. Nilisogeza fimbo ya mti niliyoifunga karatasi ya alumini ya jikoni, ile karatasi nimeiunganisha na ethi, waya wa kwenda ardhini, nyuzi zote zikageukia huko zikawa moja nene. Harufu kama ya hewa baada ya radi, nikafungua dirisha. Tyubu laiti iliyoungua nikaisimamisha kando haijaunganishwa na chochote, ikawaka nusu.

Watoto hawatagusa, watatumia fimbo tu, na naizima kila baada ya dakika moja maana kioo kinapata moto. Shida iliyobaki ni wa nyuma, balbu bado ni ndogo. @fundi_kichogo nikipanga balbu tatu kwa mstari, flaibeki moja itatosha au nitafute ya pili? Jumamosi nitapita sokoni Mlango Mmoja.

fundi_kichogo
Moja itapungua nguvu kwa zote tatu, tafuta ya pili. Nipigie ukiwa pale kabla hujalipa, nikuangalizie kama haina dayodi.