Ulinganisho: Daraja la kwanza Dar/Nairobi hadi New York. Emirates A380, Emirates 777, Etihad, au Qsuite inatosha?

KitiChaDirishani

Wakuu, habarini. Swali la "daraja la kwanza la Emirates likoje" linarudi humu kila mara, na majibu yanagongana kwa sababu kila mtu anazungumzia ndege yake. Tuchukue njia moja tu, Dar es Salaam au Nairobi hadi New York JFK, tuilinganishe mpaka ieleweke.

Ninaanza na zile zinazostahili kuwekwa mezani. Emirates kupitia Dubai: Dar–Dubai ni Boeing 777-300ER, mwendo wa saa 5 na nusu hivi, kisha Dubai–JFK ni A380 (Airbus ya ghorofa mbili), karibu saa 14. Etihad kupitia Abu Dhabi, ukianzia Nairobi, na A380 yao inakwenda JFK tangu Aprili 2024. Qatar kupitia Doha haina daraja la kwanza kwenda JFK, lakini ina Qsuite, daraja la biashara lenye mlango wa kufunga. Mwisho kuna Kenya Airways, moja kwa moja Nairobi–JFK kwa Boeing 787-8 tangu Oktoba 2018, daraja la biashara tu. Ethiopian nimeiacha nje kwa kuwa haina daraja la kwanza kwenye ndege yoyote.

Msimamo wangu ni huu: pesa ya daraja la kwanza iende kwenye kipande kirefu. Dar–Dubai ukitoa muda wa kupaa, kula na kushuka, kitanda unakilalia saa tatu ukibahatika.

Safu_1K

Nakubaliana, ila kwanza watu wajue kuzitambua ndege, maana nembo ya Emirates peke yake haikuhakikishii kitu.

777-300ER ya zamani ina vyumba 8, mpangilio 1-2-1 (kwa kila safu kimoja dirishani, viwili katikati, kimoja dirisha la pili). Mlango upo, lakini kuta hazifiki darini, mhudumu akipita anakuona. 777-300ER mpya, iliyoonyeshwa Novemba 2017, ina vyumba 6 tu, mpangilio 1-1-1, kuta hadi darini. Vyumba vya katikati havina dirisha halisi, vina madirisha ya skrini yanayoonyesha picha za kamera za nje. Kiti kina mkao wa kulegeza mwili wote, magoti yakiwa juu kidogo, na unaweza kumwita mhudumu kwa video. A380 ina vyumba 14 ghorofa ya juu, kuta fupi kama 777 ya zamani, lakini ina bafu mbili za kuogea na baa nyuma kabisa ya ghorofa hiyo, mnayochangia na daraja la biashara.

Kwa hiyo faragha kubwa zaidi iko kwenye 777 mpya, na kuoga kuko kwenye A380. Hakuna ndege ya Emirates yenye vyote viwili.

Namna ya kuhakikisha: fungua maelezo ya safari, tafuta aina ya ndege. 77W ni 777-300ER, 388 ni A380. Kisha fungua ramani ya viti ya daraja la kwanza. Ukiona viti vinne kwa safu, ni ya zamani. Ukiona vitatu kwa safu, ni mpya. Ukiona 359, hiyo ni A350, walianza kuirusha Januari 2025, na haina daraja la kwanza kabisa. Vilevile zipo A380 zisizo na daraja la kwanza, kwa mfano zile za madaraja mawili zenye viti 615. Mtu akikwambia "A380 zote zina shawa", si kweli.

Kisimani

Niongezee hapo kwenye shawa, maana watu wengi wanaipoteza kwa kutojua utaratibu.

Ukishakaa tu, kabla ndege haijaondoka, mwambie mhudumu unataka saa ngapi. Unapewa nafasi ya dakika 30 ndani ya chumba cha kuogea, na maji ya dakika 5. Dakika hizo 5 unaweza kuzigawa: jilowanishe, zima, jipake sabuni, washa tena. Taa inakuonyesha maji yaliyobaki. Ukiyaacha yatiririke unapojisugua, utabaki na povu kichwani.

Abiria 14 kwa bafu mbili inatosha, tatizo ni kwamba karibu wote wanataka saa ya mwisho kabla ya kutua. Ukichelewa kuomba utapangiwa katikati ya usiku. Mimi ningechagua saa tatu kabla ya kutua: una muda wa kula baadaye, na ndege ikianza kutikisika mapema hujapoteza zamu yako. Hali ya hewa ikiwa mbaya bafu zinafungwa na hakuna fidia ya zamu.

Bafu hizo ziko mbele kabisa, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi akae safu ya tatu, si ya kwanza. Milango na nyayo usiku kucha.

PwaniKwaPwani

Mkuu KitiChaDirishani, naona Etihad umeipitia haraka, na kwa nafasi ndiyo inayoongoza orodha yako yote.

A380 ya Etihad ina apatimenti 9 tu, zimepangwa kushoto na kulia mwa njia moja. Ndani kuna kiti cha sofa, na pembeni yake benchi refu ambalo ndilo kitanda. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Emirates: kule kiti chenyewe kinageuzwa kitanda, kwa hiyo ukitaka kukaa lazima kitandikwe upya. Hapa kitanda kinabaki kimetandikwa, unakaa kwenye sofa unakula, ukichoka unahama hatua moja. Wasafiri wawili wakichukua apatimenti zilizopakana, ukuta wa kati unafunguliwa. Shawa ipo, moja kwa wote 9. Juu ya hapo kuna The Residence, chumba kimoja kwa ndege nzima, chenye sebule, chumba cha kulala na bafu lake.

Angalizo mbili. Baadhi ya apatimenti zinatazama nyuma ya ndege, na kuna watu wanaosikia kichefuchefu wakati wa kupaa. Angalia ramani kabla ya kuchagua. Pili, Nairobi–Abu Dhabi usitarajie daraja la kwanza, hesabu kuwa utakaa la biashara.

Halafu kuna jambo ambalo kwa wenye pasi zetu lina uzito kuliko kaviari: Abu Dhabi ina ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani hapohapo, tangu Januari 2014. Unahojiwa na maafisa wa Marekani kabla ya kupanda ndege, na JFK unatoka kama abiria wa safari ya ndani. Kukiwa na hitilafu kwenye viza inajulikana ukiwa bado upande huu. Gharama yake ni muda, kwani lazima utoke launji mapema, na ukishavuka ukaguzi hurudi tena launji kuu. Kuunganisha kwa saa 2 hakutoshi kufaidi launji. Tafuta saa 4.

Tiketi_Moja

Hoja ya uhamiaji ni ya kweli. Dubai hakuna huduma hiyo, kwa hiyo daraja la kwanza la Emirates linakufikisha kwenye foleni ileile ya JFK. Unachopata ni kushuka kabla ya abiria wa ghorofa ya chini.

Sasa kwenye malipo. Tiketi ya kuchanganya madaraja inawezekana: tumia sehemu ya "miji mingi", weka Dar–Dubai daraja la biashara na Dubai–JFK daraja la kwanza, vyote kwenye tiketi moja. Linganisha na bei ya daraja la kwanza njia nzima kabla ya kulipa, wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani. Usinunue tiketi mbili tofauti ili kuokoa. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inahesabika hukutokea uwanjani, na begi huenda lisisajiliwe hadi mwisho.

Wenye mpango wa kununua la biashara kisha kupandishwa daraja kwa maili (pointi za uaminifu za shirika), someni aina ya nauli. Emirates ina Special, Saver, Flex na Flex Plus. Special ya daraja la biashara haina launji, haina gari la kukuchukua, na haipandishwi kwa maili. Saver ndiyo ya chini kabisa yenye maana kwa mpango huo. Na tangu Mei 2025 tiketi za daraja la kwanza za Emirates kwa maili ni za wanachama wa ngazi ya Silver kwenda juu kwenye mpango wao wa maili. Kukusanya maili kutoka kadi za benki bila kusafiri hakukufikishi tena huko.

Gari la kukupeleka uwanjani liombwe angalau saa 12 kabla, na kuna kikomo cha umbali kwa kila mji. Angalia orodha ya miji yenye huduma hiyo, usidhani ipo kila mahali.

Mwewe787

Samahani wakuu, lakini mnailinganisha samani mkasahau usingizi. Nairobi–JFK ya Kenya Airways ni ndege moja, karibu saa 15. Hakuna kuamshwa usiku wa manane Dubai, hakuna treni ya kwenda jengo jingine, hakuna begi la kupotea katikati. Viti 30 vinavyolala bapa kabisa. Kwa mgonjwa, mzee, au mwenye kikao kesho yake asubuhi, hiyo ndiyo ningeinunua.

Kasoro yake niitaje pia: mpangilio ni 2-2-2, wa dirishani lazima amruke jirani akilala. Chagua viti vya katikati, kila mmoja wenu yuko kwenye njia. Mlango hakuna.

Qsuite ni 1-2-1, mlango upo, na viti vya katikati viwili vinaungana kuwa kitanda cha watu wawili. Nusu ya viti vinatazama nyuma. Shida iko Dar–Doha: ndege za kipande hicho si lazima ziwe na Qsuite, na 787-8 zao hazina. Ukilipia kwa ajili ya mlango, mlango utaukuta kuanzia Doha.

Safu_1K

Mwewe787, kwa mgonjwa nakubali. Kwa mtu mzima mwenye afya, kuvunja safari Dubai kunaweza kumsaidia kulala, akiipanga vizuri. Chukua ndege ya Dubai–JFK ya usiku wa manane. Oga na kula mlo kamili kwenye launji ya daraja la kwanza. Kwa A380 mara nyingi ni jengo A, unapanda ndege moja kwa moja kutoka launji. Ukiingia ndani, omba kitanda kitandikwe mara tu taa ya mikanda inapozimwa, na mwambie mhudumu asikuamshe kwa chakula. Mlo unaagizwa saa yoyote, kwa hiyo hupotezi kitu. Unapata saa 7 au 8 za usingizi wa kweli.

Makosa ya kawaida ni kinyume chake: mtu anaanza na vitafunwa, kaviari, vyakula vitatu, filamu, na saa nne zimekwisha kabla hajalala. Na kwa wanaouliza kila mara, nyama zote ndani ya Emirates ni halali, huhitaji kuagiza mlo maalum.

KitiChaDirishani

Shukrani wakuu. PwaniKwaPwani, hoja ya uhamiaji imenibadilisha, naiweka Etihad juu kwa anayekwenda Marekani mara ya kwanza. Mume na mke wakae wapi? Na ndege ikibadilishwa siku ya safari, mtu anadai nini?

PwaniKwaPwani

Mume na mke kwenye Emirates A380 au 777 ya zamani: viti vya katikati, E na F, kizuizi cha kati kinashuka. Vitanda vinabaki viwili. Kwenye 777 mpya hakuna jozi kabisa, kila mtu chumba chake, msiichague kama mnataka kuzungumza. Etihad, apatimenti mbili zinazofuatana upande mmoja. Kitanda kimoja cha kweli cha wawili kipo kwenye The Residence, au Qsuite ya katikati kwa pesa pungufu.

Tiketi_Moja

Ndege kubadilishwa: piga picha ya ramani ya viti siku unayonunua, kisha ifungue tena wiki moja kabla na siku moja kabla. Namba ya kiti chako ikibadilika bila wewe kugusa, karibu hakika ndege imebadilishwa. Piga simu hapohapo, kabla viti vizuri havijaisha. Kutoka 777 mpya kwenda ya zamani bado ni daraja la kwanza, kisheria huna dai.

Kushushwa daraja ni jambo jingine. Safari inayoanzia kiwanja cha Umoja wa Ulaya au Uingereza, shirika lolote, ina kanuni: zaidi ya km 3,500 unarudishiwa 75% ya nauli ya kipande hicho, ndani ya siku 7. Kwa hiyo London–Dubai umelindwa, Dubai–London kwa Emirates au Etihad hujalindwa na kanuni hiyo. Kwa safari za Marekani, tangu 2024 kushushwa daraja kunahesabiwa badiliko kubwa: ukikataa kusafiri unarudishiwa nauli, ukikubali unadai tofauti. Usitie saini vocha uwanjani kabla hujaandikiwa daraja ulilolipia na daraja ulilopewa. Hifadhi pasi zote mbili za kupandia, ya zamani na mpya.

Kisimani

La mwisho kabla sijasahau: mikoba ya mkononi Emirates kwa daraja la kwanza na la biashara ni miwili, kilo 7 kila mmoja, na begi la kusajili lisizidi kilo 32 hata kama una kilo zimebaki, litagawanywa kaunta. Pawabenki ni moja tu kwa abiria, chini ya Wh 100 (wati-saa), na tangu tarehe 1 Oktoba 2025 hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege zao. Chaji simu kwenye soketi ya kiti.